Chai ya Mpelelezi

Juzi nimewakuta vijana wa kwaya wamejazana ukumbini hapa kanisani mbele ya kompyuta, wanatazama filamu ya Kiingereza. Askari kanzu wawili, watukutu kwelikweli, wanavunja mlango kwanza, hodi baadaye! Nikataka kuwafokea. Badala yake nikavuta kiti. Mnanicheka? Haya, chekeni. Ila leo nawapa filamu yangu, na askari wangu ni wa huku huku kwetu.

Kulikuwa na wapelelezi wawili katika kituo kimoja. Wa kwanza alikuwa mkorofi. Akiambiwa ngoja, hasikii. Akiambiwa andika maelezo, anasema kesho. Mkuu wa kituo alimgombeza kila wiki, lakini majambazi walimkimbia, na akipita sokoni kina mama walimwita "mwanetu". Mwenzake alifuata taratibu zote, viatu vinang'aa, mafaili safi. Nani alimwita mwanetu? Hakuna. Na jamani, alimwonea wivu! Mkorofi akisifiwa, yeye chakula hakipiti.

Basi kijana mmoja wa bodaboda akauawa, pikipiki ikaibwa. Mama yake mjane, hana mtoto mwingine. Mkorofi akahangaika mpaka akaijua nyumba ilikofichwa pikipiki. Mama akamshika mkono: "Baba, nakuomba, safari hii usiharibu. Fuata sheria, huyu muuaji asiponyoke."

Na mkorofi, kwa mara ya kwanza, akatii. Akajibanza ng'ambo ya nyumba ile, akampigia mwenzake simu. "Kaka, niletee hati ya upekuzi. Bila hiyo siingii."

Mkuu wa kituo akasaini papo hapo. "Kimbia umpelekee," akamwambia huyu wa viatu vinavyong'aa.

"Ndiyo, afande."

Akaitia hati mfukoni, akatoka, akafika kwa mama ntilie jirani na kituo. Akakaa. Akaagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Simu ikaita.

"Kaka, uko wapi? Jamaa anaipakia pikipiki kwenye gari!"

"Nakuja."

Akaipuliza chai taratibu, isimuunguze ulimi. Ndugu zangu, chai gani hiyo?

Mkorofi akasubiri weee, mpaka gari likawashwa. Hapo uvumilivu ukamwishia. Akaruka ukuta, akavunja mlango, akamkamata mtu pamoja na pikipiki. Mwenzake alipofika na hati, kazi ilikuwa imekwisha.

Mahakamani wakili wa mshtakiwa akamuuliza yule mnywa chai: "Mwenzako alipoingia, alikuwa na hati?"

"Hakuwa nayo."

Alidanganya? Hata kidogo! Kaapa, kasema kweli tupu. Jaji akaikataa pikipiki isiwe ushahidi, na ushahidi mwingine haukuwepo. Muuaji akatoka zake anapiga mluzi.

Nje, mkorofi akapiga magoti mbele ya mama. "Nisamehe mama. Nilishindwa kungoja." Mama hakumtazama. Alimpita, akaenda kwa yule mwingine, akamshika mikono yote miwili, analia.

"Mwanangu," akamwambia, "wangekuwa wote kama wewe, damu ya mtoto wangu isingepotea bure."

Haya! Sifa si ndiyo hiyo aliyoililia miaka yote? Kaipata. Mnaionaje?

Sisi tukisikia wivu tunawaza matusi na uchawi. Wapi! Wivu wetu sisi watu wa ibada hauna kelele. Unasema "nakuja". Dada, unajua pahali wanatafuta mshonaji, na jirani yako hana kazi. Unakaa kimya mpaka nafasi ijae, kisha unakwenda kumpa pole. Mzee wa kanisa, unamwona mwenzako anajipanga vibaya kwa sherehe ya Jumapili, na neno lako moja lingemwokoa. Unanyamaza, ili aaibike mbele yetu sote. Kisha tunakuja hapa, tunainua mikono, tunasema, "Bwana, sijamfanyia mtu ubaya." Na kweli hatujafanya kitu! Ndilo kosa lenyewe. Tumekaa tu, tumetulia, mpaka mtu ameharibikiwa, na njiani tumemwumiza na mwingine ambaye hata hatukuwa na ugomvi naye.

Msiniitikie amina. Leo siitaki. Unamjua mtu unayemchelewesha, na yeye bado anakuamini. Toa simu, toka nje, mpigie sasa hivi. Mimi nitangoja.