Wakishakata Kodi, Kinabaki Nini?

Wapendwa, palikuwa na fundi mkuu wa umeme katika kiwanda kimoja cha chai, jina lake Ndelwa. Mshahara wake ulikuwa mzuri, ila amani hakuwa nayo. Kila mwisho wa mwezi mshahara ulimfikia umeshakatwa kodi, na roho ilimuuma. Akasema, basi ninunue hisa. Gawio lilipotoka, kampuni ikakata kodi kwanza, ndipo ikamtumia. Akaweka akiba benki. Riba nayo ikaingia imekatwa.

Ndelwa akawa mtu wa kuhangaika. Anakaa, anainuka. Anahamisha akiba benki hii kwenda ile, kisha anairudisha. Chakula kinapoa mezani, yeye anazungumzia makato. Je, mtu wa namna hiyo hamumjui? Huenda leo mmekaa naye benchi moja.

Asubuhi moja mama yake akafika kutoka kijijini, ameshikwa mkono na jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Macho yangu yanazidi kufifia. Daktari anasema ni presha ya macho, nipasuliwe upesi. Nilikueleza tangu wakati wa kupanda mahindi."

Ndelwa akaanza kuzungukazunguka sebuleni. "Mama, hujui ninavyobanwa. Mshahara wanakata. Gawio la hisa wanakata. Hata riba ya akiba yangu mwenyewe wanakata."

Mama akangoja amalize. Kisha akauliza taratibu, "Wakishakata, mwanangu, hawakuachii kitu?"

Ndelwa akasimama. Walichokata alikijua hadi senti ya mwisho. Walichomwachia, ambacho kilikuwa kingi zaidi, hakuwahi kukitaja hata siku moja. Akaona aibu, na bado akasema, "Nipe muda kidogo, mama." Mama akashikwa mkono tena, akarudi kijijini.

Ndelwa alipokuja kumpeleka hospitali, mvua zilikuwa zimekwisha na mavuno yamepita. Daktari akamwita pembeni.

"Jicho la kulia tumeliwahi. La kushoto, hapana. Mshipa wa jicho ukishakufa, hakuna upasuaji wa kuufufua."

Ndelwa akarudi kitandani kwa mama yake, akaanza kulia. Mama akapapasa hadi akaupata mkono wake. "Usilie, baba. Nakuona."

Ndugu zangu, kodi haikumpofusha yule mama. Kodi ilichukua sehemu yake ikaenda zake. Aliyemchelewesha ni mwanawe, aliyejificha nyuma ya makato. Na sisi je? Ni mara ngapi tumeombwa msaada tukajibu kwa kueleza tulivyokatwa? Mbele za Mungu hatutaulizwa mshahara wetu ulipunguzwa kiasi gani. Tutaulizwa kile kilichofika mikononi mwetu kilikwenda wapi. Yupo mtu umemwambia angoje. Ukitoka hapa, usifike nyumbani kwanza. Mtafute.