Mvuke wa Kiboko

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Chungu?"
"Kimeinjikwa!"
"Moto?"
"Umekolea!"
Basi sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale Kiboko alikuwa na kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Ndani palikuwa na tangi la mvuke, na juu yake kitundu chenye kifuniko. Mvuke ukizidi, kifuniko huinuka, psss! tangi likapumua. Mchochea kuni alikuwa Pimbi, mdogo wa mwili, mwingi wa maneno. Mkewe na dada zake walipepeta mbegu humo humo, mlango umefungwa kwa kufuli, maana Kiboko aliogopa wasije wakatoka na mbegu mashavuni. Ufunguo aliuvaa shingoni. Choyo gani kile!

Siku moja Kiboko akasikia psss.

"Pimbi! Nini hicho?"

"Mvuke, bwana mkubwa. Unatoka."

"Mvuke wangu? Unatoka bure?"

Akabeba jiwe, akalibwaga juu ya kifuniko. Psss ikakoma. Tangi likaanza kunguruma: ngu, ngu, ngu. Nati zikalia: ti, ti, ti. Pimbi akamtazama mkewe, akaogopa kweli. Tangi likipasuka, hasalimiki hata mmoja.

"Bwana, tuondoe jiwe."

"Chochea!"

"Bwana, tufungue mlango."

"Chochea, nimesema!"

Pimbi akajisemea, mwenye nguvu mpishe. Akajikuna kichwa, akatabasamu.

"Umeziba vyema, bwana. Lakini jiwe ni jiwe tu, halina uchungu na mali yako. Mvuke ukilisukuma, litateleza. Mali hukaliwa na mwenyewe."

"Hapo umenena!"

Kiboko akalisukuma jiwe kando, akaketi juu ya kifuniko kwa makalio yake yote mawili.

Ngu, ngu. Akavumilia. Ngu, ngu. Akajipindapinda. Ngu...

"Mama yangu weee!"

Akaruka. Kifuniko kikainuka, psssss! Kiboko mbio mlangoni, akafungua kufuli, mbio mtoni, tubwi! Wapepetaji wakatoka nyuma yake mmoja mmoja, bila haraka. Pimbi alikuwa wa mwisho, kwa sababu alizivuta kwanza kuni zote jikoni.

Hadithi yangu imefika mtoni, nami sijui kuogelea. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe. Na funzo lake? Mvumilivu hula mbivu. Kiboko angevumilia kidogo tu pale juu, asingepoteza hata tone la mvuke wake. Basi nanyi, wanangu, mkihisi mnaungua, msiinuke.