Marungu ya Jumbe na Kata ya Wahunzi

“Usihesabu marungu, hesabu kata.” Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, wajukuu zangu, nanyi mwataka kujua neno hili limetoka wapi. Methali hii ilizaliwa hivi.

Hapo kale, katika kijiji cha Jumbe Mlela, mtama ulijaa maghalani, na harufu ya kunde mbichi ilimkaribisha mgeni kabla ya mwenyeji. Huko ndiko alikokulia Sikitu, binti wa mhunzi. Yeye na shoga yake Kalunde, ambaye hakuwa wa ukoo wa wahunzi, waliokota uyoga pamoja, wakicheka mpaka vikapu vikawadondoka. Ilikuwa raha, jamani. Lakini wahunzi walisemwa kuwa wana nuksi. Majembe yao yalipendwa, ila maji walinywa kwa kata yao ya peke yao.

Mwaka mmoja Jumbe alifanya karamu. Marungu ya vita, yaliyokuwa mia enzi za babu yake, yalikuwa yamebaki saba. Akayahesabu mbele ya watu, akayatia motoni.

“Wazee wetu walikuwa wakali,” akasema. “Sisi tumestaarabika!”

Vigelegele vikapigwa.

Mzee Kasanda, baba yake Sikitu, alikuwa ametembea juani tangu asubuhi, na miguu ilimtetemeka kwa kiu. Sikitu akakimbilia mtungini. Kata ya wahunzi ilikuwa imepasuka. Akashika ile nyingine, ya watu wote.

“Shoga, iache hiyo,” akanong’ona Kalunde, aliyekuwa akigawa maji. “Utanitia matatani.”

“Baba anaanguka, Kalunde!”

Jumbe akatabasamu. “Binti yangu, zamani ungepigwa. Leo tunakuomba tu. Huoni tulivyobadilika?”

Watu wakacheka. Sikitu alikuwa mwoga wa kusema mbele za watu, lakini alimtazama baba yake, midomo imemkauka, na sauti ikamtoka.

“Jumbe, marungu umeyahesabu barabara. Hebu zihesabu na kata.”

Kicheko kikakatika. Kalunde akainama, akachota kwa kata ya watu wote, akamnywesha mzee kwa mikono miwili. Kisha akachota tena, akanywa yeye.

Hakuna aliyewapiga, hakuna aliyewatukana. Ngoma ikaendelea na nyama ikaliwa. Ila mpaka jua linatua, hakuna mwingine aliyeugusa mtungi ule wala kata iliyoguswa na midomo ya mhunzi. Kijiji kizima kilirudi nyumbani na kiu.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkiambiwa kwamba siku hizi watu wamekuwa wema kuliko wa kale, msibishe upesi, wala msishangilie upesi. Usihesabu marungu, hesabu kata.