Nguchiro na Nyumba Isiyoitika Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Hao walioitika ni watoto. Na nyinyi wakubwa mlioegemea ukuta? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, lakini si kale ya mbali, kale ya simu zenye vioo vilivyopasuka, palikuwa na kilima kikavu. Juu ya kilima palikuwa na tangi kubwa, na chini yake tangi dogo, lililojazwa na lile kubwa. Toka mvua ya mwisho mpaka mvua ya kwanza, wanyama wote maji yao yalikuwa hayo.

Nguchiro ndiye aliyetengeneza programu ya kufungua koki. Mnyama alikaa kwake bondeni, akabonyeza simu, maji yakateremka kwenye bomba: chururu, chururu, mpaka kwenye hodhi. Kazi nzuri. Ila namna ya kuitumia ilikuwa kichwani mwa Nguchiro peke yake. Akitia tonge mdomoni, simu. Akilala, simu. Pundamilia anauliza aanze na koki ipi. Ngiri anauliza lile lile la jana.

Nguchiro akachoka. Akasema ataandika maelekezo, ayaweke kwenye tovuti, kila mmoja ajisomee. Lakini tovuti hujengwa kwa chombo, naye hakuwa nacho. Akatafuta chombo huria.

Chombo huria, watoto, ni kama nyumba ambayo mwenyewe ameiacha mlango wazi. Ingia, tumia, chungulia mpaka uvunguni. Ukiona pameharibika, tengeneza. Kisha mwite na mwenzako.

Akaona viwili. Kimoja kiliitwa Mkufu, kimetengenezwa na Komba. Kurasa zake ziliteleza, srrr, na vichwa vya habari vilimetameta. Mlangoni palihesabiwa makofi ya waliokipenda: elfu kumi na mbili. Cha pili kiliitwa Jamvi, kimetengenezwa na kundi la Mchwa. Herufi nyeusi, karatasi nyeupe, basi. Makofi tisini.

Tausi, jirani yake, akaja kutazama. Akacheka. Akamwambia, "Bwana mdogo, watu wazima hawa utawakalisha chini kwenye jamvi?"

Nguchiro akamuuliza kama amewahi kuutumia huo Mkufu. Tausi akajibu kwamba kutumia hajatumia, lakini makofi elfu kumi na mbili hayawezi kuwa ya wajinga watupu. Nguchiro akaona ni kweli. Akapiga na la kwake, pa. Akaingia ndani. Hakupiga hodi, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi.

Akaandika siku tatu. Kwenye ukurasa wa bondeni akaandika: Kwanza, funga koki ya tangi kubwa. Pili, fungua koki ya tangi dogo. Akausoma kwenye kioo chake kikubwa, akaupenda. Usiku ule akalala, simu haikulia.

Sasa, mwisho kabisa wa bonde aliishi Digidigi na watoto wake wawili. Simu yake ilikuwa ndogo, ya zamani. Siku zote Ngiri ndiye aliyemfungulia maji, lakini Ngiri alikuwa amehama kufuata majani. Asubuhi hiyo Digidigi akafungua tovuti. Akasoma polepole, neno kwa neno. Akafanya kama palivyoandikwa.

Maji yakaja. Chururu. Hodhi ikajaa. Maji hayakuacha. Shaaa. Yakafurika, yakaingia kwenye nyufa za ardhi. Shaaaaa. Tangi kubwa likamimina kwenye dogo, dogo likamimina bondeni, na Digidigi akabonyeza huku na huku akitafuta pa kusimamisha.

Nguchiro aliusikia mvumo huo akiwa anakunywa uji. Akaacha bakuli, akakimbia kilimani, akafunga koki kwa mikono. Kisha akaligonga tangi. Ngo, tupu. Akashuka kidogo, ngo, tupu. Akashuka tena, du, maji. Robo tu ya chini ndiyo iliyobaki. Na mvua ilikuwa bado miezi miwili.

Wanyama wakakusanyika. Nyati akasema asiyejua kusoma asiguse simu, na wengine wakaanza kumtazama Digidigi, na kuwatazama watoto wake, kama wanaohesabu midomo isiyostahili kunywa.

Digidigi hakulia. Alimnyooshea Nguchiro simu. "Nimesoma, baba. Soma na wewe."

Nguchiro akasoma. Kwenye kioo kile kidogo, kichwa cha habari kilichometameta kilikuwa kimeukalia mstari wa kwanza. Ukurasa ulianza na neno Pili.

Akamrudishia Digidigi simu. Akawaambia wote kwamba kosa si la mama huyu. Yeye ndiye aliyechagua, na hakumwonyesha hata mmoja kabla.

Akarudi mbio kwenye Mkufu, atengenezewe. Mara hii akapiga hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Hodi tena. Kimya kile kile.

Akaangaza macho. Sakafuni palikuwa na maswali ya wenzake, lundo. Swala ameandika kichwa kinafunika mstari wa kwanza, asaidiwe. Aliandika viangazi vitatu nyuma. Kanga ameandika hilo hilo. Popo ameandika, "Kuna mtu humu?" Chini yake Korongo, "Kuna mtu?" Na chini ya lundo lote, barua ya Komba mwenyewe:

"Ndugu zangu, nimechoka. Miaka sita niko peke yangu humu. Mlango nauacha wazi. Anayeweza, aendeleze."

Chini ya barua, makofi mia nne. Mkono wa kusaidia, hakuna hata mmoja.

Nguchiro akakaa chini. Alikuja na hasira, na hasira haikupata wa kumshukia. Komba alitoa bure, akachoka, akaaga. Waliopiga makofi ndio ambao hawakusikia.

Akaenda kwa Mchwa. Hodi. Hakumaliza hata neno. Karibu, ikasema sauti ndogo. Karibu, ikasema nyingine. Karibu, karibu, karibu. Akauliza kuhusu vioo vidogo, akajibiwa kabla ya jua la utosi. Hata hivyo hakuamini. Akaujenga ukurasa upya kwa Jamvi, akaupeleka mwisho wa bonde, mbele ya wote.

"Mama, nisomee."

Digidigi akaisogeza simu karibu na jicho. "Kwanza," akasoma, na Nyati akaziangalia kwato zake.

Maji yaliyobaki wakayagawana nusu hodhi kwa siku, na Digidigi akapata sawa na wengine. Walikonda sana. Mvua ikawakuta wote hai.

Siku ya mvua Mchwa wakaja kuuliza swali lao. "Siku tukichoka na sisi, nani ataitika hodi?"

Tausi akaanza kupiga makofi, akaacha.

"Nionyesheni pa kuanzia," akasema Digidigi.

Basi, watoto, na nyinyi wa ukutani: mlango kuwa wazi si kusema mwenyeji yupo. Kabla hujachukua chombo cha wote, piga hodi usikie nani anaitika. Mpe ajaribu kwanza yule mwenye simu mbovu kuliko wote. Na ukishakitumia, tia mkono, usitie makofi tu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na yake na asogee, tumsikilize.