Kwa Nini Wanaume wa Chumvini Huvaa Shuka Kazini

Mkimwona mwanamume wa Chumvini anakwenda kazini na shuka kiunoni, msidhani amekosa suruali. Tulieni muelezwe ilivyokuwa.

Hapo kale wanaume wa kule walifanya kazi na kaptula za ngozi ya mbuzi. Kijana alipobalehe baba yake alimshonea ya kwake, naye akiivaa alijiona mwanamume kamili. Ngozi ikiwa kavu haikuwa na neno. Lakini kazi ya chumvi ni kusimama ndani ya majaruba yenye maji ya bahari, kukwangua, kujaza vikapu na kuvipandisha ghalani juani. Ngozi ililowa, ikakauka, ikalowa tena, mpaka ikawa ngumu kama gamba la kobe, na chumvi ikajaa kwenye mishono. Wanaume wote walitembea wametanua miguu. Watoto wao wakawaiga, wakidhani ndivyo mtu mzima anavyotembea. Wenyewe hawakusema kitu, kwa kuwa pale palipouma hapakuwa mahali pa kutajwa.

Miongoni mwao alikuwapo Dzombo, mtu mpole mwenye nguvu. Jioni moja mkewe, Mwanatumu, alimwona anakula wima.

"Baba Mejumaa, mbona hukai?"

"Nimechoka kukaa."

"Umekaa wapi, nawe kutwa ulikuwa majini?"

Dzombo akamaliza kula wima vile vile. Mwanatumu alipoisuuza ile kaptula akaona damu, akaelewa. Akatoa kaniki yake kuukuu, iliyofuliwa miaka mingi hata ikawa laini kama sikio la mtoto. "Hii piga ubinda ndani, uipitishe kati ya miguu, juu ufunge shuka yako ya kulalia. Haitakuchubua."

Dzombo aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. "Nguo ya mwanamke, kazini? Mbele ya mjomba?" Mjomba wake, Mwakombo, ndiye aliyekuwa msimamizi wa majaruba, na alikuwa mkali wa maneno. Mwanatumu hakubishana. Aliifunga kaniki kiunoni mwake, akaendelea na kazi zake.

Msimu ule chumvi ilijaa kuliko kawaida, nyeupe kote. Siku ya kuizoa, adhuhuri, wingu jeusi likapanda kutoka kusini. Chumvi ndiyo waliyobadilishana na watu wa bara wakapata mahindi. Ikiyeyuka, mwaka mzima ni njaa. Kijiji kizima kikaitwa, wanawake kwa wanaume, na vikapu vikaanza kupanda.

Dzombo alibeba mpaka mapaja yakachunika na chumvi ikaingia vidondani. Akajikaza. Akapanda tena. Mwisho akaanguka, na kikapu chake kikamwagika topeni.

"Inuka, Dzombo!" Mwakombo alipaza sauti. "Mvua ile huioni?"

"Naiona, mjomba. Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

Dzombo aliinamisha kichwa. Alimwona mkewe anapita na mzigo, akamkumbuka mwanawe Mejumaa na chungu kitakachokosa cha kutiwa. Basi akalisema mbele ya watu wote jambo ambalo hakuna mwanamume wa Chumvini aliyewahi kulisema.

"Kaptula hii inanichuna mapaja, mjomba. Natoka damu."

Watu wakasimama na vikapu vyao. Mwanatumu akautua wake, akaifungua ile kaniki kiunoni, akampa mumewe pamoja na mtandio wake. Dzombo akajikokota nyuma ya lundo la chumvi. Alipotoka, kaptula ilibaki chini kule kule, na mtandio ulimfika magotini. Akapiga hatua ya kwanza kwa hofu, kama anayejaribu daraja. Upepo ukapita chini ya nguo, ukapoza. Akajitwika kikapu, akaenda amenyooka, akampita mmoja, akampita na mwingine.

Mwakombo alimtazama akienda na kurudi. Kisha yule mkali wa maneno akamsogelea Mwanatumu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hakuna kipande kingine?"

Mwanatumu hakucheka. Aliikunjua kaniki aliyoifanya kata ya kikapu kichwani, akaichana. Wanawake wenzake nao wakachana zao, na wanaume wakapokezana nyuma ya lundo, kila mmoja akitoka na uso uliofunguka. Mvua iliwakuta kwenye jaruba la mwisho. Chumvi ya hilo iliyeyuka, iliyobaki yote ilikuwa imekwisha kufika ghalani.

Na tangu siku hiyo wanaume wa Chumvini huvaa shuka kazini, na ndani nguo ya pamba iliyolainika kwa kufuliwa. Mpya hawaitaki, huvaliwa kwanza nyumbani mpaka izeeke. Na mgeni akifika kuomba kazi, msimamizi humuuliza, kabla hata ya jina lake, "Ndani umevaa nini?" Wageni wengine hukasirika. Wenyeji humwambia mgeni asiudhike, ajibu kweli, kwa maana anayemuuliza anayahurumia mapaja yake.