Kwato Katika Sakafu ya Kanisa la Bwadhani

Zamani, kabla sakafu ya kanisa la Methodisti la Bwadhani haijawa na alama za kwato, ilikuwa vumbi tupu. Kanisa lilikuwa kilimani, juu ya Mto Tana. Jumapili watu walisali humo, na siku nyingine watoto wa Wapokomo walisomea humo humo, wamekaa chini. Vumbini waliishi funza. Mtoto mwenye funza hachezi, hakimbii, na mwisho haji shule.

Mama Hawayu, kiongozi wa akina mama wa kanisa, aliwajua funza hao. Walimla kidole kidogo cha mguu wa kulia alipokuwa msichana, na masomo yake yakaishia hapo. Akaapa kwamba wajukuu wake watakanyaga saruji. Akina mama wakalima mpunga kwa pamoja, wakauuza, hadi saruji ikaja kwa mtumbwi. Mchanga waliubeba kichwani kutoka mtoni, wakiimba.

Asubuhi waliyomaliza kuisawazisha sakafu, Mama Hawayu aliziba mlango kwa matawi ya miiba ili saruji mbichi ikauke.

"Hata mchungaji asikanyage," alisema. "Akitaka kuhubiri, ahubirie dirishani."

Wenzake wakacheka.

Mchana wake mto ulifurika. Maji ya Tana hutoka mbali, milimani, nayo hayabishi hodi. Kijiji kizima kikapanda kilimani na vyungu na kuku, na mvua nayo ikaanza. Basi, mtaamini? Watu walisimama nje ya kanisa lao wakaloa chapachapa, wakiilinda sakafu.

Ndipo akatokea Dhahabo, mwanamke mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akilisha bondeni. Alikuwa na mtoto mgongoni na mbuzi wake nyuma. Siku zile wakulima na wafugaji walikuwa hawasalimiani.

"Mama, nifungulie," alisema. "Mtoto anatetemeka."

"Subiri mvua ipite kama sisi," Mama Hawayu akajibu. "Mwaka jana mbuzi wako walikula mahindi yangu. Leo wanataka kula kanisa?"

Dhahabo akawatazama wale watu waliolowa, kisha akautazama mlango.

"Nyumba hii mmemjengea Mungu, au mmeijengea saruji?"

Mama Hawayu alimwangalia yule mtoto. Midomo ilikuwa imepauka, na miguu midogo ilining'inia kiunoni kwa mama yake, haina hata nguvu ya kurusha teke. Hakuwahi kuitaka saruji kwa ajili ya saruji. Alichotaka ni miguu ya watoto.

Akaing'oa miiba kwa mikono mitupu. Akatangulia yeye kukanyaga.

"Pita, mwanangu," alisema. "Na hao walafi wako wapite."

Wakaingia wote, watu na mbuzi. Mtoto wa Dhahabo na watoto wa kijiji walinywea kikombe kimoja maziwa ya mbuzi wale wale, hadi maji yakapungua.

Fundi wa kanisa alipokuja na saruji iliyobaki ili azifukie alama za kwato zilizokaukia sakafuni, Mama Hawayu alimzuia.

"Hizo ziache. Vunja ngazi za mlangoni, ututengenezee mteremko. Siku ile mbuzi mwenye mimba alihangaika sana kwenye ngazi zako."

Kuanzia mafuriko yale mpaka leo, mlango wa kanisa la Bwadhani hauna ngazi wala kufuli. Jumapili ya mavuno, kibuyu cha maziwa kutoka kwa wafugaji husimama mezani kando ya mahindi, na watu wa pande zote mbili hushukuru. Na watoto wakitoka darasani husimama pale mlangoni, wakapima nyayo zao katika unyayo mmoja mpana ulio katikati ya kwato. Unyayo huo una vidole vinne. Miguu yao ina vitano vitano.