Kiberiti Kwenye Pindo la Kanga

Ndugu zangu, najua mna haraka, na wengine wenu mmeshaanza kuvitazama viatu pale mlangoni. Nipeni muda mdogo tu. Leo nataka kuwapigia mfano, na nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msitoke hapa mkaanza kuulizana mtu huyo ni wa mtaa gani. Nawajua nyinyi.

Kulikuwa na mpishi mmoja. Sisemi mtu wa kupika ili siku ipite, nasema mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, kote alikuwa akiitwa yeye. Alikuwa akiutazama mchele uliooshwa tu, anakwambia unataka maji kiasi gani, na hakosei. Watu walikuwa wakipanga tarehe ya harusi kwa kumwuliza yeye kwanza kama ana nafasi, ndipo waende kwa imamu. Mnacheka, lakini mimi imamu wenu sikasiriki, maana hata mimi naijua pilau nzuri.

Alipofika miaka ishirini na tisa akaanza kubadilika. Kwanza alinyamaza. Kisha akawa anajibu maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia. Siku moja kwenye harusi, pilau imeshaiva, wageni wameshanawa mikono, akaipindua sufuria nzima mchangani. Alisema sauti zimemwambia chakula kina sumu na watu wote watakufa. Hebu tafakarini kidogo. Watu waliona kichaa anamwaga chakula. Yeye, kwa alivyosikia masikioni mwake, alikuwa anaokoa watu mia tatu. Wakampiga.

Hospitalini wakasema maradhi yake yanaitwa skizofrenia. Mtaani yakapewa majina mengine, mnayajua, na sitayarudia humu ndani.

Mpishi huyu alikuwa na dada yake mkubwa, fundi cherehani, na wazazi wao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Dada alimchukua ndugu yake nyumbani kwake, na hakumtupa hata siku moja. Alimfulia, alimpikia, alimpeleka kliniki na kumrudisha. Visu vyote vya nyumba akavipeleka kwa jirani, akawa anakwenda kukata mboga huko huko. Na kiberiti, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Anashona, kiberiti kiko naye. Anaswali, kiko naye. Akitaka kuwasha jiko la mkaa anafungua fundo, anawasha, anafunga tena. Msimlaumu haraka. Mwanamke yule alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Dawa alizopewa mpishi zilizituliza zile sauti, lakini na yeye zilimtuliza kupita kiasi. Alilala mchana kutwa, mikono ikawa inatetemeka hata kifungo cha shati kilimshinda. Ikapita miaka sita hivyo. Kila swala dada alimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba ndugu yake arudi kuwa mtu wa kushika kazi yake.

Ndipo wakaja watafiti. Walikuwa wanajaribu dawa ya aina mpya, na pamoja na dawa walikuwa na mazoezi ya kila wiki: kupanga siku, kwenda sokoni na kurudi, kuzungumza na watu. Mtafiti mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Akaeleza wazi kwamba hawajui bado kama itasaidia, na kwamba ndiyo maana wanatafiti. Dada akataka kukubali kwa niaba ya ndugu yake. Yule mama akasema hapana, lazima ajibu mwenyewe. Ilichukua muda mrefu, lakini alijibu mwenyewe na akatia saini yake.

Makubaliano yalikuwa hivi. Baada ya miezi sita wataangalia. Kama dawa imemsaidia katika maisha yake ya kila siku, ataendelea kupewa. Kama haikumsaidia, atarudishwa kwenye zile za zamani, zile za kulala na kutetemeka. Kwa hiyo mnaelewa wenyewe kilichokuwa kinangojewa siku ile ya mwezi wa sita.

Siku ikafika. Mtafiti akaja nyumbani na fomu yake. Fomu haikuuliza sana habari za sauti, iliuliza habari za maisha. Katika wiki mbili zilizopita, amejipikia? Dada akasema hapana. Amekwenda dukani peke yake? Hapana. Amefanya kazi yoyote ya nyumbani? Hapana. Nje ya mazoezi yetu, amezungumza na mtu asiye wa nyumba hii? Hapana. Mtafiti akawa anaandika sufuri, moja chini ya nyingine. Dada hakusema uongo hata kidogo. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, maana alikuwa anaona mwenyewe mwisho wa tumaini lake unaandikwa mbele yake.

Mpishi alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mtafiti akaiweka kalamu chini, akamgeukia, akamwuliza kwa nini hajajipikia.

Mpishi akafikiri. Kisha akasema, "Kiberiti kiko kwenye pindo la kanga ya dada."

Hakulalamika. Aliulizwa akajibu.

Dada akajishika pindo. Mtafiti akamwuliza taratibu: dukani, ameshindwa kwenda? Akasema, anaweza kupotea, kwa hiyo simruhusu. Watu, ameshindwa kuzungumza nao? Akasema, wageni wakija namwambia aingie ndani, wasije wakamcheka. Kila swali jibu likawa la namna hiyo. Yule mama akaitazama fomu yake kwa muda, akasema, "Sufuri hizi ni za kweli, dada yangu. Lakini si zake."

Kisha akaomba chai.

Dada akainuka mbio kwenda kuwasha jiko. Mtafiti akamzuia, akasema anaomba chai ya mpishi. Dada alisimama pale, mkono uko kwenye fundo, na fundo la miaka sita halifunguki upesi. Mwishowe akalifungua.

Basi mpishi akawasha. Njiti mbili zikamzimikia, ya tatu ikashika. Alitia maji, akasimama, akasahau anataka nini, akakumbuka tangawizi. Hakuna kisu, akaiponda kwa jiwe. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo. Mtafiti akamwuliza kama zile sauti zipo. Akasema, "Zipo. Lakini zinasemea mbali, na mimi nina kazi."

Ikachukua dakika arobaini, ndugu zangu. Chai ya vikombe vitatu, dakika arobaini. Lakini iliiva. Akamimina, akaleta kimoja kimoja kwa mikono miwili. Mtafiti akashukuru, akanywa. Dada akapokea kikombe chake. Akakishika. Hakunywa.

Hapo ndipo ninapotaka msikilize. Miaka sita anamwomba Mungu amrudishie ndugu yake. Ndugu amerudi, amesimama mbele yake, kikombe cha chai anacho mkononi, na hawezi kukinywa. Alikuwa anaiona ile sufuria mchangani. Alikuwa anajiuliza, ametia nini humu?

Na ndugu yake akaona. Mnadhani watu hawa hawaoni? Wanaona yote. Wanajua nani amehama safu waliyokaa wao, wanajua nani amemvuta mtoto wake mkono.

Mpishi hakukasirika. Alikichukua kile kikombe mkononi mwa dada yake, akapiga funda moja yeye mwenyewe, akaufuta ukingo kwa shati lake, akamrudishia. Akasema, "Dada, nimeonja mimi kwanza."

Dada akaangua kilio. Na kilio kile kilikuwa na sababu ambayo mtafiti hakuijua. Wakati maradhi yamechachamaa, mpishi alikuwa akikataa kila chakula kwa kuogopa sumu, na dada alikuwa akikaa naye mkekani, anaonja tonge la kwanza yeye, anamwonyesha amemeza, anasubiri, ndipo ndugu naye ale. Kila mlo, kwa miezi. Hakuna aliyedhani mgonjwa yule anakumbuka. Alikumbuka. Katika fujo zote zile za kichwani mwake, hilo alilihifadhi. Dada akainywa ile chai yote, ya moto, huku analia.

Huo ndio mfano wangu. Sasa sisi.

Sisi tunapenda kuomba dua kwa ajili ya wagonjwa wa akili, na ni vizuri, tuendelee. Tuwaombee pia wanaotafuta dawa mpya, maana ni kazi ngumu ya miaka, mara nyingi wanajaribu na inakataa, wanaanza upya. Na aliyepewa dawa asiiache kwa sababu leo amejisikia vizuri. Dawa ni dawa. Lakini niwaulize jambo moja. Dawa ikifika, ikamwinua mtu, asimame wapi? Tumemwachia nafasi gani? Kazi yake tumempa mwingine. Zamu yake tumeifuta. Akiingia tunapunguza sauti. Halafu mwaka ukiisha tunatikisa vichwa, tunasema masikini, hana badiliko. Tunampima yeye, kumbe tunapima mafundo tuliyoyafunga wenyewe.

Na sisemi mchukueni mgonjwa aliyechachamaa mkampe kisu. Msinielewe vibaya. Nasema mwulizeni. Mwulizeni yeye, na mwulizeni daktari wake, leo anaweza nini, na mkaanzie hapo, hata kama ni chai ya dakika arobaini.

Nawaambia haya na mimi simo nje. Miaka minne iliyopita, mmoja wetu humu aliumwa maradhi haya. Alikuwa katika kikosi chetu cha wapishi. Mlikuja kuniuliza mfanye nini, na mimi, imamu wenu, nikasema mwacheni apumzike. Neno zuri hilo, likapokewa vizuri. Hakuna aliyenirudia kuniuliza apumzike mpaka lini, na mimi sikujiuliza. Miaka minne anakuja hapa swala tano, anakaa safu ya mwisho, anapumzika. Lile fundo nililifunga mimi, na ninaomba msamaha, kwa Mungu na kwake.

Juzi nilikwenda kwao. Nilimwuliza yeye mwenyewe, na nimemwomba ruhusa ya kulisema hili leo, akanipa, ila jina nisitaje. Nilimwambia Jumapili tuna hitima, tunapika, je, atarudi? Alifikiri sana. Akaniambia sufuria kubwa bado, moshi na kelele za watu zinamchosha. Lakini vitunguu anaweza kukata, kama atapewa mahali pa pembeni na asiharakishwe.

Kwa hiyo mkuu wa wapishi, nakuona hapo, usiiname. Vitunguu vya Jumapili vina mwenyewe. Mpe kisu kikali na kiti, akitaka kupumzika apumzike, akitaka kuendelea umwache. Usimweke mtu wa kumchunga.

Na pilau ikiiva, msimpakulie mtu yeyote kwanza. Sahani ya kwanza nileteeni mimi, hapa mbele, watu wote wakinitazama, nile.